Bata wa Ghorofa ya Nne

Toledo, Ohio
3 Machi 2023

Mdogo wangu Merrill,

Sijakuandikia tangu Krismasi, kwa hiyo umeshajua kwamba nina shida. Kwenye simu nasikia mvumo tu, na wewe unalijua hilo, ingawa kila mwaka unauliza kwa nini sipigi. Miaka thelathini na moja kwenye tanuri za vioo haimwachi mtu na masikio.

Jengo letu limenunuliwa. Mwenye jengo mpya hatujamwona, ila ametuletea msimamizi, Gordon Dombrowski, kijana wa miaka hamsini anayetembea na funguo kiunoni kama askari jela. Amebandika karatasi kwenye lifti: kuanzia tarehe mosi Mei hakuna mnyama ndani ya jengo, isipokuwa mwenye mnyama awe na barua ya mtaalamu wa afya ya akili inayosema kwamba mnyama huyo ni wa faraja na kwamba bila mnyama huyo mpangaji haishi vizuri. Mama Kowalczyk wa ghorofa ya pili ana paka, na daktari wake ameshamwandikia.

Mimi nina bata. Nilikutajia Krismasi, ukadhani nazungumzia chakula cha mchana. Anaitwa Maude. Watoto wa jirani walipewa zawadi akiwa kifaranga wakati wa Pasaka, akakua, wakamchoka, wakamwacha kwenye sanduku karibu na mapipa ya taka. Nyumbani kwangu anavaa nepi, hapigi kelele ovyo, na bafu analitumia kuliko mimi.

Wewe ni mwanasaikolojia, na leseni yako ya Ohio hujaiacha ife hata baada ya kuhamia jangwani. Mistari minne inatosha. Sema kwamba silali vizuri tangu mume wangu Lonnie afe, na kwamba huyu bata akiwepo nalala. Ni kweli tupu.

Dada yako,
Arvella


Tucson, Arizona
12 Machi 2023

Dada Arvella,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sababu sikuamini neno "bata".

Mganga hajigangi, wala hagangi ndugu zake. Kanuni za kazi yetu hazitaki nimwandikie mtu wa damu yangu barua ya namna hiyo, na hata zingeniruhusu nisingeandika. Nimesoma miaka tisa. Nimekaa na watu waliorudi vitani wakashindwa kushika kijiko. Hao ndio wagonjwa. Wewe una kitoweo kinachoogelea bafuni.

Unaona nchi hii ilipofika? Mtu hataki kuulizwa juu ya mbwa wake hotelini, basi anajiita mgonjwa. Siku hizi kuna tovuti zinazowauzia wajinga barua hizo saa yoyote: unajibu maswali kumi, unatoa namba ya kadi, na daktari fulani asiye na haya anatia sahihi. Nawadharau wauzaji wa barua hizo, na wanunuzi nawadharau zaidi. Sikutegemea kumkuta dada yangu kwenye foleni yao.

Lonnie alifariki miaka minne iliyopita. Nililosema kaburini nalirudia: mshukuru Mungu kwamba ulikuwa dukani moto ulipozuka, la sivyo tungezika wawili. Huna la kujilaumu. Huzuni ina muda wake, na wako umepita. Tembea nusu saa kila asubuhi, punguza kahawa, na huyo ndege mpeleke kwa mtu mwenye shamba.

Dkt. Merrill Stroud


Toledo
20 Machi 2023

Dkt. Merrill Stroud,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyojiandika kwa mtu aliyekufuta kamasi. Nilipoingia kiwandani wewe ulikuwa darasa la tano na ulikuwa hujui kufunga kamba za viatu. Sasa umejua, hongera.

Nimeomba mistari minne, nimeletewa mahubiri. Kahawa nakunywa kikombe kimoja. Kutembea natembea, maana lifti ya Dombrowski hubandikwa matangazo kuliko inavyopanda. Na habari za Lonnie sikukuuliza.

Sikuomba uniite mgonjwa. Kabla ya Maude nililala miaka mitatu kwenye kiti, mlango wazi, viatu miguuni. Hilo hukulijua kwa sababu hukuuliza. Kazi yako ni kuuliza watu maswali, lakini kwetu huwa unakuja na majibu tu.

Usidhani sijajaribu kwingine. Daktari wa zahanati alinipa vidonge na kuniambia barua kama hiyo si fani yake. Mtaalamu wa akili hapa mjini ana foleni ya miezi minne. Nikimtoa bata narudi kwenye kiti, Merrill, na mimi nina miaka sabini na moja, sitakiweza tena kile kiti. Nisipomtoa, nafukuzwa. Ningekuwa na mwingine wa kumwomba nisingekuandikia wewe.

Arvella


Tucson
29 Machi 2023

Dada,

Jibu langu ni lile lile. Jina langu ndiyo mali pekee niliyonayo, na sitalipaka matope kwa ajili ya mnyama anayevaa nepi. Kama unaona haya kumpeleka shambani, Pasaka ni wiki ijayo na bata huenda vizuri na machungwa.

Usininunie. Siku moja utaona kwamba nilikuwa sahihi.

Merrill


Toledo
14 Aprili 2023

Merrill,

Nimenunua. Mimi sasa ni mmoja wa wale wanunuzi unaowadharau zaidi.

Binti wa Mama Kowalczyk alinifungulia tovuti kwenye kompyuta yake, akaingia jikoni, akaniachia maswali kumi. Nilikaa nayo saa mbili. Nilisema kweli katika yote, hata katika moja ambalo sijawahi kumwambia binadamu. Niliona hili ni sanduku tu, halinijui, halitanikatiza na kuniambia nipunguze kahawa. Mahali pa kutaja mnyama palikuwa na mbwa, paka na "mwingine". Nikachagua "mwingine", nikaandika kwa herufi kubwa: BATA.

Barua ilikuja kabla binti wa watu hajamenya viazi vyake. Kwa furaha niliipeleka moja kwa moja kwa Dombrowski, nikabaki na nakala. Nilipofika juu ndipo nilipovaa miwani. Nakunukulia:

"Nimemfanyia Bi. Arvella Pruitt tathmini ya kina. Ana hali inayomzuia kuishi maisha ya kawaida. Mbwa wake, Maude, ni sehemu ya lazima ya matibabu yake."

Chini kuna sahihi yenye S kubwa, ile niliyokufundisha mimi mwenyewe kwenye meza ya jikoni ya mama. Pembeni yake kuna namba ya leseni, na jina lako lote limeandikwa wazi.

Niliketi kwenye ngazi nikacheka mpaka jirani akatoka kuniangalia. Kisha sikucheka tena. Nimekuomba mistari minne kwa barua mbili, ukaninyima kwa ajili ya heshima ya jina lako. Kisha ukampa mistari hiyo hiyo mteja usiyemjua, na mteja mwenyewe ni mimi. Ungesoma tu jina, ungeniona. Ungesoma neno moja la herufi kubwa, ungeona kwamba si mbwa. Tathmini ya kina! Nyani haoni kundule, mdogo wangu, ila wewe umekwenda mbali zaidi, umekaa ukitukana makundu ya wenzako.

Arvella


Tucson
21 Aprili 2023

Dada Arvella,

Ile barua iombe haraka, irudishwe na ichanwe. Usiionyeshe kwa mtu mwingine.

Hujui kazi zetu zilivyo siku hizi, kwa hiyo usiharakishe kuhukumu. Nilipofunga ofisi nilihitaji shughuli ndogo ya kunishikilia. Kampuni inatunza sahihi yangu. Kila asubuhi nafungua orodha, naona idadi, nagusa mara moja na barua hamsini zinakwenda. Upande wa Ohio tupo wawili tu. Majibu yapo, akitaka mtu anaweza kuyafungua, lakini wanaojaza fomu zile wanadanganya karibu wote, na kusoma uongo wa watu hamsini kabla ya kifungua kinywa si utaalamu, ni adhabu.

Mwambie huyo Dombrowski kwamba umekosea karatasi. Undugu wetu usiutaje.

Merrill


Toledo
26 Aprili 2023

Kwa Bi. Arvella Pruitt, chumba 4C

Tumepokea barua yako kuhusu mnyama wa faraja. Barua inazungumzia mbwa. Mkaguzi wetu aliona bata. Aidha, katika fomu yako ya upangaji, mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura ni Dkt. Merrill Stroud, uhusiano: kaka. Mtu huyo ndiye aliyetia sahihi.

Mwenye jengo analichukulia jambo hili kama udanganyifu uliopangwa kati ya ndugu wawili. Unatakiwa kuhama ifikapo tarehe 31 Mei. Kama una maelezo ya kweli yenye ushahidi, yalete kwa maandishi kabla ya siku hiyo.

Gordon Dombrowski
Msimamizi


Toledo
28 Aprili 2023

Merrill,

Soma nakala niliyoambatanisha. Sasa si bata tu, ni mimi pia. Ukitolewa kwenye jengo kwa udanganyifu, jengo jingine halikuchukui, wanaulizana.

Nimemwambia Dombrowski kwamba sikujua ni wewe. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kama ninadhani kuna mtu atakayeamini kwamba daktari anaweza kumtilia sahihi dada yake bila kumjua. Nikamwambia humjui daktari mwenyewe.

Nataka sentensi moja kutoka kwako, na safari hii si ya uongo: kwamba ulitia sahihi bila kusoma na hukujua kuwa ni mimi. Wewe ndiye ushahidi wangu, sina mwingine.

Arvella


Tucson
6 Mei 2023

Dada,

Nimeongea na mwanasheria. Sentensi unayoitaka ndiyo hasa sentensi ambayo baraza la leseni lingeifurahia. Ningeiandika Jumatatu, Ijumaa ningekuwa mzee tu mwenye vyeti ukutani.

Naomba upime mambo kwa utulivu. Mimi nina la kupoteza: miaka thelathini na minne ya kazi. Wewe una bata. Nitakutafutia chumba kwingine, nitampigia kila ninayemfahamu huko, na utahama kwa heshima. Lakini usiniombe nijichome.

Na mpaka leo hujaniambia kitu chenye maana. Kwa nini bata? Mtu mzima, mwenye akili, mjane wa mtu wa maana kama Lonnie, anang'ang'ania ndege mpaka anafukuzwa. Kama kuna sababu, mbona huisemi?

Merrill


Toledo
11 Mei 2023

Nimeisema. Swali la tisa. Liko huko kwenye orodha yako, pale unapogusa. Ifungue usome.

A.


Tucson
17 Mei 2023

Kwa Bw. Gordon Dombrowski

Mimi ni Merrill Stroud, mwanasaikolojia, na ni mdogo wake Arvella Pruitt wa chumba 4C.

Barua uliyoipokea ni yangu na haina thamani. Sikumfanyia dada yangu tathmini, ya kina wala ya juu juu. Niliitia sahihi pamoja na nyingine arobaini na tisa bila kufungua hata moja, na kwa sababu hiyo imemgeuza bata kuwa mbwa. Sikujua ni yeye. Kabla ya hapo aliniomba barua waziwazi, kama ndugu, nami nikamkatalia kwa maneno ya kejeli. Ushahidi wa maneno hayo anao, na akitaka kukuonyesha sina pingamizi. Hakupanga lolote nami. Mdanganyifu katika jambo hili ni mmoja, na si mpangaji wako. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwenye baraza la leseni la Ohio.

Sina haki ya kukushuhudia hali yake, kwa kuwa mimi ni nduguye na kwa kuwa nimeshaonyesha ushahidi wangu ulivyo rahisi. Alichokiandika kuhusu sababu ya kuwa na bata huyo ni siri yake na sitakiandika hapa. Nakuomba tu umpe muda wa kuonana na mtu atakayemsikiliza.

Merrill Stroud


Tucson
17 Mei 2023

Dada yangu Arvella,

Nakala ya niliyomwandikia Dombrowski iko ndani. Imeshaondoka, usinishukuru.

Nilifungua. Ilinichukua dakika nne kuipata, jina lako likiwa la kumi na nane kwenye orodha ya siku ile. Nayanakili maneno yako hapa ili ujue kwamba safari hii nimeyasoma.

"Swali la tisa: Hali yako ilianza lini? Jibu: Ilianza Oktoba, Jumanne, saa nane mchana. Watu wanajua nilikuwa dukani. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa chini, kwenye mashine ya kufulia, na vifaa vya masikio nimeviacha juu ya friji kwa sababu mashine ikizunguka vinanipigia mluzi. King'ora cha moshi kililia mpaka majirani wa ng'ambo wakakisikia. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Nilipopanda ngazi mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umeshika moto. Lonnie alikuwa amelala baada ya zamu. Nilitokea mlango wa nyuma, watu wakadhani natoka dukani, nikawaacha wadhani hivyo. Tangu siku hiyo naogopa kulala, kwa kuwa nikilala hakuna wa kusikia. Bata anasikia. Akiingiza kichwa kwenye bawa najua hakuna kitu, na mimi nafumba macho. Kukiwa na kitu, hunidonoa kidole. Mdogo wangu alisema kaburini nimshukuru Mungu kwamba nilikuwa dukani. Baada ya hapo sikuweza kumwambia."

Nimejaribu kutafuta neno la kitaalamu la kuweka hapa na nimeona aibu. Uliandika hayo kwa saa mbili, mimi nikayapitisha kwa kidole kimoja huku nikisubiri mkate uive. Na kabla ya hapo nilikuambia upunguze kahawa.

Ningekuwa nimekuuliza siku ya mazishi badala ya kukuhubiria, labda ungesema. Najua huenda usingesema pia. Lakini sikuuliza, na hilo ni langu. Nisamehe ukiweza. Ningependa kuja mwezi wa Agosti, kama utanifungulia.

Mdogo wako,
Merrill


Toledo
30 Juni 2023

Merrill,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka ungoje.

Dombrowski alipanda ngazi za ghorofa zote nne na barua yako mkononi. Alisimama mlangoni akihema, akasema kwamba amefanya kazi za majengo miaka ishirini na hajawahi kuona mtu akijitukana kwa anwani kamili. Akamtazama Maude, Maude akamtazama. Akasema mwenye jengo amekubali kusubiri mpaka Septemba.

Mtu mmoja kwenye foleni ya mtaalamu alighairi, nikapata nafasi yake. Anaitwa Ines Carrasco, ana umri wa mwanao, na anazungumza akinitazama usoni ili nione midomo. Siku ya kwanza nilimwomba barua. Akasema haandiki mpaka anijue. Nikampenda palepale. Mtu mwenye leseni anayejua kukataa bila kutukana, sikujua wapo. Nimekwenda kwake Alhamisi sita. Alhamisi ya jana aliandika, ukurasa mmoja, na ndani yake Maude ni bata mwanzo mpaka mwisho. Dombrowski ameipokea na kuipiga muhuri. Tunabaki.

Kadi yako nimeipata. Kwa hiyo baraza limekusimamisha. Sitakuambia pole, ulistahili, na ningekuwa mimi ningekusimamisha mapema zaidi. Hao arobaini na tisa wengine nimewawaza sana. Huenda walidanganya, kama usemavyo. Huenda mmoja wao alikaa saa mbili. Huwezi kujua, na hukutaka kujua, na sasa muda unao. Ningekuwa wewe ningeanza kuwatafuta.

Sijakusamehe. Naona ni vizuri nikuambie hivyo wazi, maana kwetu kila mtu huficha na matokeo umeyaona. Wazee husema mficha uchi hazai; mimi nimeuficha wangu miaka minne na nilichozaa ni kiti.

Bi. Carrasco aliniuliza nani wengine wanajua kilichotokea Jumanne ile. Nikasema mdogo wangu, ila alikisoma kwenye fomu. Akaniuliza kama hilo linatosha. Halitoshi. Basi nakuandikia kwa mkono wangu, wewe kwa jina, na ukilia lia mwenyewe huko jangwani: nilikuwa nyumbani, Merrill. Nilikuwa nakunja shuka zake, na sikusikia.

Njoo Agosti kama unakuja. Kengele ya mlango imekufa, kwa hiyo gonga kwa nguvu na usubiri. Mimi sitasikia, lakini Maude atasikia, na nitakuja kufungua.

Dada yako,
Arvella